Kiti cha mtoto cha gari: naingia nacho kwenye ndege au nakiacha Tanga?

BabaRukia_Makorora

Assalaam aleikum wadau, na wengine habarini za jioni.

Nina binti wa miaka 2 na miezi 3, kilo 12 na ushee. Mama yake yuko masomoni Columbus, Ohio, na Mungu akijaalia mwezi ujao nampeleka mtoto akakae naye. Nasafiri naye peke yangu: Tanga hadi Dar kwa Noah ya shemeji, Dar–Doha, Doha–Chicago, halafu kidege cha mwisho mpaka Columbus.

Kinachonisumbua ni kiti chake cha gari. Nilikinunua mtumba hapahapa Ngamiani, kimetoka Uingereza, kizima kabisa, kitambaa nimekifua kimetakata. Mke wangu kasisitiza kwamba kule mtoto hapandi gari bila kiti, hata kutoka uwanja wa ndege. Shemeji anasema nikitupe kwenye mizigo. Bibi yake mtoto anasema nimpakate tu, mbona wao walitupakata mpaka Mombasa na hatukufa. Wakala wa tiketi nimempigia, kanijibu "hilo utaulizia kaunta siku ya safari." Sasa siku ya safari nikikataliwa nakirudisha vipi Makorora?

Naruhusiwa kuingia nacho? Kinafungwaje kwenye siti ya ndege? Naomba anijibu aliyefanya, si aliyesikia.

Kidume_Kange

Mkuu unajitesa. Mashirika mengi kiti cha mtoto hawakihesabu kwenye kilo zako. Nunua shangazi kaja kubwa, kitie humo, zungushia kamba ya katani, andika jina, tupa mzigoni. Ila usikifunge na mifuko ya plastiki, ile ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019. Mtoto ana siti yake, mfunge mkanda, alale.

MamaNassor_Chumbageni

Wa aleikum salaam Baba Rukia. Mie nimeishi Minneapolis mpaka baridi ikanishinda nikarudi kwetu, na wajukuu nimewasindikiza huku na huko, kwa hiyo nakujibu kama ulivyotaka.

Kabla ya yote, kigeuze hicho kiti chini juu usome kibandiko. Cha Uingereza kitakuwa na kibandiko cha rangi ya chungwa, ndani yake duara lenye herufi E na namba. Namba hiyo ni ya nchi iliyotoa kibali: 11 ni Uingereza, 4 ni Uholanzi. Pameandikwa pia R44 au R129, ndizo kanuni za Umoja wa Mataifa wanazofuata Ulaya. Marekani hawazifuati kwenye magari. Wao wana kipimo chao, na kiti kisicho na lebo ya kipimo hicho hakihesabiki barabarani kwao, hata kiwe kipya cha dukani. Viti vyao vinavyofaa kote kuwili vina maandishi mekundu yanayosema vimethibitishwa kwa magari na kwa ndege.

Umenielewa hapo? Utakibeba kutoka Tanga, utakikokota Doha, ukifika Columbus mkeo hawezi kukitumia. Mwambie anunue huko huko aje nacho kukupokeeni. Viti vya bei ya chini navyo vinapita kipimo kilekile cha sheria, asidanganywe na vya bei ya kutisha.

Tuje kwenye ndege. Kwa umri wake mtoto ana tiketi na siti yake, na kiti chenye kibali mashirika mengi wanakiruhusu ndani, hata hicho chenye E baadhi wanakikubali. Lakini kuruhusiwa ni jambo moja na kufungika ni jingine. Siti ya ndege ina mkanda wa kiunoni tu. Hamna wa begani, hamna zile ndoano za ISOFIX za kushikizia kiti cha mtoto kwenye gari. Kiti kinachotegemea mkanda wa begani wa gari hakifungiki, hata mhudumu awe shangazi yako. Kinachofaa ni chenye mikanda yake chenyewe ya kumfunga mtoto, na chenye njia ya kupitisha mkanda wa kiunoni peke yake. Vile vya kumnyanyua mtoto tu, visivyo na mikanda yake, haviruhusiwi wakati wa kuruka na kutua.

Kipime na upana kwa futi ya fundi cherehani. Siti za daraja la kawaida nyingi zina sentimita 43 hadi 46 kati ya viegemeo, kwa hiyo kikizidi 40 uanze kuwa na wasiwasi. Kinakaa dirishani, kisimzuie mtu kutoka, na hakikai safu ya mlango wa dharura.

Kukifunga kwenyewe si kazi. Inua kiegemeo cha mkono, pitisha mkanda, weka goti juu ya kiti ukikandamize kwa uzito wako, ndipo uvute. Sasa angalia kile kifungio cha chuma: kikiishia nyuma ya mgongo wa mtoto, kigeuze kifuniko kitazame nje, upande ambao vidole vyako vinafika. Kikitazama ndani, ndege imeshatua watu wanashuka, wewe umeinama unakwaruza chuma usichokiona huku mtoto analia. Jingine wasilokwambia: mtoto akikaa kwenye kiti chake miguu inafika mgongo wa abiria wa mbele. Atampiga mateke Doha mpaka Chicago, na kimeza cha mbele yake hakishuki, chakula chake utakiweka kwenye chako.

Ningekuwa wewe, baba peke yako, begi mgongoni, pasi mkononi, mtoto anayekimbia, kiti hicho ningekitumia Makorora mpaka Dar, basi. Njia ya Segera na malori yale ndiko kinakohitajika kuliko angani. Ndani ya ndege kuna mkanda unaitwa CARES, mwepesi, unaingia kwenye mkoba. Unazungushwa kwenye mgongo wa siti na kumshika mtoto mabegani. Ni wa kilo 10 hadi 20, urefu usizidi mita moja, Rukia anaingia kabisa. Mamlaka ya anga ya Marekani imeupitisha, ila shirika lako uliulize kwa barua pepe, jibu ulichape. Kwenye gari hauna kazi.

Na Kidume, kiti kinachorushwa na wapakia mizigo kinaweza kupata ufa usiouona, halafu ndio umkalishe mtoto humo.

Mzee_wa_Pangani

Bibi wa mtoto aambiwe hivi. Julai 1989 ndege ya United namba 232 ilianguka Sioux City, Iowa. Ndani mlikuwa na watoto wanne wa kupakatwa. Mhudumu mkuu, Jan Brown, aliwaagiza wazazi wawaweke sakafuni na kuwashikilia, kama utaratibu wa wakati ule ulivyotaka. Mmoja alikufa. Jan Brown akapigania kwa miaka mingi kila mtoto awe na siti na kiti chake. Wachunguzi wa ajali walimuunga mkono, mamlaka ya anga ikakataa, ikisema wazazi wakilazimishwa kununua tiketi ya ziada wengi watasafiri kwa gari, na barabarani watakufa wengi zaidi. Mpaka leo aliye chini ya miaka miwili anapakatwa.

Ummu_Sabra

Samahani nadandia uzi. Wangu ana miezi 14, nakwenda naye Uholanzi. Kumpakata kuna mkanda wowote au mikono yangu tu?

MamaNassor_Chumbageni

Mwanangu Ummu Sabra, mashirika ya Ulaya yatakupa mkanda mdogo wa nyongeza unaopita kwenye wa kwako. Ya Marekani hayaruhusiwi kuutumia, wao wanaona unambana mtoto kati ya mwili wako na mkanda. Uwezo ukikuruhusu mnunulie siti. Usipokuruhusu, mkanda ukizimiwa taa usiseme sasa raha, mshike, mitikisiko haipigi hodi.

Dada_Raskazone

Baba Rukia, mengine wamesema. Mkeo akuandikie barua ya ridhaa kwamba unasafiri na mtoto, iwe na muhuri wa mwanasheria, na cheti cha kuzaliwa usikitie mzigoni. Mwanaume peke yake na mtoto wa kike huwa anaulizwa.

BabaRukia_Makorora

Nimekigeuza. E11, R44, kilo 9–18. Ubavuni kuna picha ya kukifunga, mkanda wa begani umechorwa wazi unapita nyuma ya mgongo wa kiti. Upana sentimita 45. Basi hakipandi ndege.

Mke wangu nimemtumia majibu ya Mama Nassor yote, kesho anakwenda kununua chenye maandishi mekundu. CARES ataniagizia mtu anayekuja Dar. Barua ya ridhaa anaishughulikia. Swali la mwisho: kwenye Noah nikifunge wapi? Shemeji anataka mbele ili mtoto aone njia.

MamaNassor_Chumbageni

Mbele hapana, kuna mfuko wa hewa unaofumuka kwa nguvu gari likigonga, mwambie shemeji njia ataiona yeye. Safu ya katikati, pale penye mkanda wa begani. Ukishakaza, kishike pale mkanda unapopita ukitikise: kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, kaza tena. Mkifika Msata kateni mpite Bagamoyo, foleni ya Kibaha haina adabu. Na kila ndege inaposhuka mpe Rukia maji au juisi kwa mrija, ameze ameze, masikio yasimuume.