Naomba ushauri: chumba cha kazi chenye mwangwi na mfanyakazi mwenye usonji

Wakuu, naomba ushauri kwa waliowahi kurekebisha chumba cha kazi kwa ajili ya mtu mzima mwenye usonji. Chini ni vigae, juu jipsamu, madirisha ya vioo. Sauti inadunda kila upande. Shida si ukubwa wa sauti peke yake. Masikio yanasikia vizuri, ila feni, kibodi na soga za meza ya pili vinaingia kwa uzito uleule, na neno analoambiwa linazama humo.

Hedifoni za kufuta kelele zinameza mngurumo wa feni na jenereta, lakini maneno ya watu na mlango unaobamizwa hupenya. Viziba masikio vya sponji hukata zaidi sauti nyembamba, kwa hiyo usemi unafifia. Tena vikivaliwa kutwa kwa siku nyingi, masikio huzidi kuwa mepesi kusumbuliwa na sauti. Taa za tyubu zenye choki ya zamani (humeta mara 100 kwa sekunde kwenye umeme wetu wa hezi 50) tunaziondoa, hilo halina mjadala.

Je, zulia na mapazia mazito vitatosha, au dari nayo ivikwe kitu cha kufyonza sauti? Na pazia likae umbali gani na ukuta?