Mwanangu analilia nywele za mdoli, mnawajibuje watoto?

MamaK_Tabata: Habari zenu wadau. Binti yangu ana miaka sita, siku hizi kumsuka ni vita, hataki mabutu anataka nywele zimwagike mgongoni kama za mdoli wake, yule mzungu wa plastiki wa Kariakoo mwenye kiuno kama cha nyigu. Nikachukulia ni utoto tu. Jana namkuta bafuni anajisugua mkono na dodoki mpaka umechubuka, eti anatoa weusi. Nimeishiwa nguvu jamani. Nimtupe huyo mdoli au?

Mzee_wa_Temeke: Pole sana dada. Usimtupe kimyakimya, atalia na hataelewa kitu. Ila hiyo midoli si ya kuchukulia poa kabisa. Barbie katoka Marekani 1959, halafu 1965 wakatoa mmoja wa nguo za kulalia, kawekewa na mizani iliyoganda kwenye ratili 110, yaani kama kilo 50, na kijitabu cha kupunguza mwili kinachosema usile!! Hicho ni kitu cha kumpa mtoto? Barbie mweusi mwenyewe kaja 1980, wenye maumbo tofauti tofauti mpaka 2016. Na kuna utafiti wa Uingereza ulitoka 2006, watoto wa kike wadogo wakionyeshwa picha za Barbie wakawa wanatamani wembamba kuliko wenzao walioonyeshwa picha nyingine.

Msusi_Sinza: Mi sikubali lawama zote apewe mdoli. Nasuka saluni, kila siku naona mama anaingia na katoto ka miaka minne ananiambia katie dawa haka, nywele zake ngumu zinavunja vitana, na mtoto kakaa hapo hapo anasikia kila neno. Ndugu wakija nyumbani anayesifiwa uzuri ni yule mweupe. Mama hapigi picha bila filta ya kuchonga pua na kung'arisha uso, mtoto yuko pembeni anaangalia sura ya mama inavyobadilika kwenye simu. Mkorogo ndo usiseme, zebaki inaharibu figo na bado watu wanapaka. Sasa mdoli hana mdomo, hajamwambia mtu weusi unatoka kwa dodoki. Dada muulize taratibu, bila kumfokea, nani kamwambia hivyo.

BabaZuu: Msusi kamaliza. Sisi mke wangu alimpa fundi cherehani vipande vya kitenge akatushonea mdoli mweusi, nywele za uzi, Zuu anamsuka mwenyewe mabutu siku nzima mpaka sasa anajua kugawa mistari. Yule wa plastiki yupo bado, hatujamnyang'anya.

MamaK_Tabata: Asanteni sana. Nimemuuliza, kasema shangazi yake ndo humwambia akioga ajisugue vizuri atakate awe kama binamu yake. Jumapili anakuja kula kwetu, nitaongea naye na baba mtoto akiwepo, hili siliachi lipite. BabaZuu huyo fundi yuko wapi, anapokea oda?