"Mbolea inaua ardhi": kuna ukweli kiasi gani?

mlowo_gunia: Wakuu, huku Mbozi wimbo ni ule ule: shamba likishazoea mbolea ya dukani, ukiikosa msimu mmoja huvuni kitu. Wengine wameiacha, wamerudi kwenye samadi. Wengine wanazidisha DAP (ya kupandia) na Urea (ya kukuzia) kila mwaka na mahindi bado yanatoka na majani ya zambarau. Nani yuko sahihi? Na ekari moja inataka kiasi gani?

udongo_mwekundu: Wanachokiona ni kweli, ila mkosaji siye wanayemtaja. Urea, DAP na hasa SA (salfeti ya amonia) huacha tindikali udongoni. Mabua nayo yanachomwa, mboji inakwisha. pH (kipimo cha tindikali; ikishuka, tindikali imezidi) ikishuka chini ya 5.5, aluminiamu inayeyuka, mizizi inadumaa, na fosforasi ya DAP inashikwa na udongo. Mmea unakufa njaa juu ya chakula, ndiyo hiyo zambarau. Kuongeza mfuko wa tatu wa mbolea hapo ni kutupa hela bure.

Pima kwanza. Chota udongo sehemu 10 hadi 15 kwa zigizaga, kina cha sentimita 20, ukikwepa vichuguu na palipochomwa takataka. Changanya kwenye ndoo safi (isiwe ya kubebea mbolea!), anika kivulini, peleka nusu kilo TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo, Mbeya) au SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro).

nusu_kizibo: Kwa nafasi ya sentimita 75 x 60, mbegu 2 kwa shimo, ekari ina mashimo kama 8,900. Kila shimo kizibo kimoja cha soda cha DAP, gramu 5 hivi, jumla kilo 44: mfuko mmoja wa kilo 50 na chenji. Ukipanda 75 x 30 mbegu moja moja, weka nusu kizibo. Wengi hapo wanajaza kizibo kizima, mifuko inakwenda miwili, kisha lawama kwa bei.

Fukia mbolea kwa udongo kabla ya kuweka mbegu. Vikigusana chipukizi linaungua, na utasikia "mbegu feki". Urea ya kukuzia, mfuko mmoja, mahindi yakifika magotini, palizi imeshapita na udongo una unyevu. Sentimita 10 kutoka kwenye shina, na ufukie. Ikibaki juu, naitrojeni inapaa.

chokaa_kwanza: Nyongeza kwa wa samadi: mfuko wa Urea una kilo 23 za naitrojeni. Samadi kavu nzuri ina asilimia 1 hadi 2, kwa hiyo unahitaji zaidi ya tani moja kufikia hapo, na haitoki yote msimu huo huo. Tumieni vyote viwili.

Zambarau ya wiki za mwanzo kukiwa na baridi huisha yenyewe. Isipoisha, shuku tindikali.

mlowo_gunia: Basi hela ya mfuko wa tatu iende kwenye chokaa ya kupunguza tindikali?

chokaa_kwanza: Kipimo kikisema hivyo, ndiyo. Iingie wiki 3 au 4 kabla ya kupanda, ichanganyike na udongo, isikutane na Urea siku moja. Usikisie kwa macho, mkuu: chokaa ikizidi, zinki inagoma na majani yanatoka na michirizi myeupe.