Riwaya ya mauaji katika kambi ya kizuizini, 1959: mpelelezi aanzie wapi?

Karani_Umoja: Habari zenu wadau. Niko kwenye riwaya ya upelelezi, kambi ya kubuni ukingoni mwa mto Tana, mwaka 1959. Mzuiliwa anapatikana amekufa, kamanda anaandika kwamba alikunywa maji mabaya. Anayeshuku ni dresa (msaidizi wa tabibu) wa zahanati ya kambi, naye pia mzuiliwa. Bila maabara, atajuaje kwamba si maji? Na kesi ataifikisha kwa nani?

Zahanati_Kariobangi: Awapime walioyanywa. Atafute aliyekunywa maji yaleyale bila kupigwa, na aliyepigwa bila kuyanywa. Wa kwanza akiwa mzima na wa pili hoi, kisingizio kimekwisha. Homa ya matumbo huchukua siku kadhaa, mara nyingi wiki na zaidi, kabla ya kujitokeza, kwa hiyo kamanda asiitaje kuwa iliua mchana mmoja.

Kwenye maiti, waandishi wengi huchanganya chubuko na damu iliyotuama. Damu ya maiti hushuka upande wa chini. Saa za mwanzo ukibonyeza kwa kidole panapauka, ila baada ya saa 8 hadi 12 hivi hapapauki tena. Chubuko halipauki wakati wowote, na ukipasua, damu imeingia ndani ya nyama, haioshwi kwa maji. Kwenye ngozi nyeusi rangi pekee itampoteza, hivyo apapase uvimbe. Asisahau mikono, kuanzia kiwiko hadi kiganja, upande wa kidole cha mwisho: anayejikinga na rungu huumia hapo. Na awahi, joto la Tana halingoji kesho.

Ngara_Sheria: Soma kwanza habari za Hola yenyewe, kambi halisi ya wazuiliwa wa Mau Mau huko Tana. Tarehe 3 Machi 1959 wazuiliwa 85 walitolewa kwenda kulazimishwa kazi kwenye mradi wa umwagiliaji, kufuatana na mpango wa John Cowan wa Idara ya Magereza. Walipigwa, 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema vifo vilitokea baada ya kunywa maji ya mkokoteni. Hakimu W. H. Goudie alipochunguza, akaona waliuawa na mshtuko na kuvuja damu kutokana na kipigo. Hata hivyo hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji, maana haikuthibitika askari gani alipiga pigo lipi.

Hapo ndipo riwaya yako ina nyama, ndugu. Walioshika rungu ni wengi na kila mmoja atamficha mwenzake. Dresa amsake aliyeandika neno "maji" mara ya kwanza, na saa aliyoliandika. Kama daftari la zahanati linaonyesha majeruhi wanaingia na mifupa iliyovunjika, na ujumbe wa maji ukaondoka kambini baadaye, mwandishi wake alijua anachoficha. Kwa hakimu dresa hafiki mwenyewe. Barua za siri ndiyo njia; wazuiliwa walizitorosha hadi kwa wabunge London, Barbara Castle akiwemo.

Msomaji_MoiAvenue: Nenda Nyaraka za Taifa, Nairobi, uanze na mafaili yenye alama JZ na AH. Utakuta mapengo: mengi yalisafirishwa Uingereza kabla ya uhuru, yakafichwa Hanslope Park, jengo la serikali yao, mpaka kesi ya wazee wa Mau Mau ilipoyaibua mwaka 2011. Sasa yako kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza huko Kew, London, chini ya alama FCO 141. Mjadala wa bunge la Uingereza kuhusu Hola, wa tarehe 27 Julai 1959, unasomeka mtandaoni bure, na hotuba ya mbunge Enoch Powell usiiruke, alikishambulia chama chake mwenyewe kilichokuwa madarakani. Umefanya vyema kubuni kambi. Buni na majina pia, wale 11 wana watoto na wajukuu. Ukimtaja mtu akirudi Hola baada ya mauaji, kumbuka serikali iliibadilisha jina ikawa Galole.

Karani_Umoja: Asanteni sana. Basi maiti ionekane saa kumi na moja alfajiri, dresa aichunguze papo hapo.

Zahanati_Kariobangi: Saa kumi na moja bado ni giza, na mwanga wa taa ya chemni ni wa manjano, utaficha kupauka kwa ngozi. Apapase uvimbe gizani, abonyeze ngozi saa moja jua likishatoka. Kamanda asifike kabla ya hapo.