Naomba ushauri: riwaya nne za kusoma kwa sauti, Lubumbashi

Wandugu, salamu toka Lubumbashi. Kikundi chetu cha wasomaji 12 hapa Kampemba kinatafuta riwaya nne za mwaka. Kipimo ni hiki: tunafungua katikati, tunasoma kurasa tatu kwa sauti bila utangulizi. Kazi iliyodumu inashika hata hapo. Zinazoanguka mara nyingi zilibebwa na mjadala wa siku zile. Mjadala ukipoa, mhusika anabaki msemaji wa chama tu.

Riwaya mbili hazina ubishi. V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, kwa "Entre les eaux" (1973): padri anajiunga na waasi, na shaka yake haijazeeka hata kidogo. Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa mji huu, kwa "Tram 83" (2014). Marudio yake yanaingia sikioni kama kiitikio, ila yakisomwa polepole yanachosha. Kurasa 15 kwa kikao zinatosha.

Shida iko upande wa Kiswahili. "Rosa Mistika" ya Kezilahabi (1971) ni fupi, na suala la malezi makali bado linagombanisha watu. Lakini Kiswahili sanifu cha Tanzania kinawakwamisha waliozoea Kiswahili cha hapa na Kifaransa. Tugawe orodha ya maneno kabla, au mmoja afafanue papo hapo? Naogopa ufafanuzi utaua mwendo wa sentensi.

Na ya nne? Tunasita kati ya waandishi wawili wa Zanzibar, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed. Nani anastahimili zaidi kusomwa mara ya pili, na kwa kitabu kipi?