Kupanda Nose Hill kwa viatu vya theluji mwezi wa Januari

Mgeni wa Baridi (Malindi):
Assalaam alaikum ndugu zangu. Mwanzoni mwa Januari nitakuwa Calgary, Kanada, kwa dada yangu, na shemeji amepanga tuvae viatu vya theluji, yaani vile vipana vinavyofungwa chini ya buti ili mtu asididimie, tuvuke mbuga ya nyasi ya Nose Hill hadi juu, ambako mji huonekana wote na Milima ya Rocky ikajitokeza upande wa magharibi. Sijawahi kukanyaga theluji. Je, kinachosumbua zaidi ni viatu au ni baridi, na nivae nini?

Binti Shela (Lamu):
Waalaikum salaam, kaka. Nilisoma huko, na jibu langu ni upepo. Kilima kile kina miti michache, hivyo hakuna cha kukukinga. Nyuzi 15 chini ya sifuri, upepo ukivuma kilomita 30 kwa saa, ngozi huzihisi kama nyuzi 26 chini ya sifuri. Tena upepo huohuo ndio unaoamua theluji ikae wapi, kwa kuwa huipeperusha kutoka mgongoni mwa kilima na kuirundika mabondeni, hata ukazama magotini mahali pamoja na hatua chache mbele ukakuta nyasi kavu. Hapo vua viatu uvibebe, kwani meno ya chuma yaliyo chini yake huharibiwa na mawe.

Kuna pia chinook, upepo wa joto unaoshuka kutoka Rocky. Sisi tumezoea kaskazi na kusi zenye miezi yake. Huu huja utakapo na huweza kuyeyusha theluji yote, kwa hiyo usishangae matembezi yakiahirishwa.

Nguo ya kugusa mwili iwe ya sufu, wala si ya pamba, ambayo hushika jasho na kukugandisha unaposimama kutazama mandhari. Koti la juu lisipitishe upepo, nawe ulifungue kidogo kabla ya kuanza kupanda, si baada ya kulowa.

Mzee wa Pwani (Malindi):
Mwanangu, haya nimeyaonja nilipomtembelea kijana wangu. Tembea miguu ikiwa imeachana kidogo, na usirudi kinyumenyume, maana mkia wa kiatu hudidimia ukakuangusha. Ukitaka kugeuka, zunguka polepole. Kisigino hakifungwi, kwa hiyo ukipanda kandamiza vidole ili meno yashike, na ukishuka kunja magoti. Chukua pia miwani ya jua, kwa sababu theluji huumiza macho.

Mgeni wa Baridi:
Nawashukuru sana. Tuondoke saa ngapi?

Binti Shela:
Asubuhi, mara kukikucha vizuri. Wakati huo jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni, na adhuhuri, alasiri na magharibi hufuatana upesi mno. Mtajie shemejio uzito wako mapema, kwa kuwa ukubwa wa viatu hivyo hupimwa kwa uzito wa mtu pamoja na mzigo wake, si kwa namba ya mguu.