Nani anakumbuka Kasese ya enzi za treni?

mtoto_wa_relwe: Jamani habari zenu, nyie mliokulia Kasese, huku Uganda, mnakumbuka nini? Mi nilikulia kota za relwe, baba alikuwa fundi wa mabehewa, na treni ikikaribia sisi watoto tunaacha hata chakula tunakimbilia stesheni. Reli ilifika pale 1956 kwa sababu ya shaba ya mgodi wa Kilembe, iliyokuwa ikipelekwa Jinja kuyeyushwa. Siku hizi nikipita naona nyasi tu.

binti_wa_sokoni: Shikamoo kaka. Mi nakumbuka zaidi kiangazi, nyika ikiwaka moto huko upande wa mbuga, upepo unaleta majivu meusi marefu kama nyuzi, yanatua juu ya shuka nyeupe za mama na ukijaribu kuyafuta kwa kidole ndo unachafua kabisa, mama alikuwa anafoka mpaka majirani wanacheka. Jioni bundu (ugali wa muhogo) na samaki ngege wa Ziwa George, basi.

Kilembe_Juu: Nyie wa bondeni mlikuwa mnachomwa na jua, sisi huku juu tulilala na mablanketi lol. Ila Mto Nyamwamba tulikuwa tunauogopa, mvua ikinyesha milimani unasikia mawe yanagongana usiku.

mtoto_wa_relwe: @binti marahaba dada. Ngege hao walikuwa wanauzwa wamefungwa kwa ukindu, sivyo? Wawili wawili, mkia unagusa magoti yangu.

binti_wa_sokoni: Ndo hao hao, na ukifika nyumbani paka anakungoja mlangoni